Kuyeyusha Chokoleti Pemba: Moto Unalaumiwa, Maji Ndiyo Yanayoharibu

Kumi la mwisho la Ramadhani likiingia, majiko ya Pemba hubadilika. Visheti, vileja, biskuti na keki za Mfunguo Mosi huanza kutayarishwa, na chokoleti nayo siku hizi imejipatia nafasi yake: ya kumwagia juu ya keki, ya kuchovyea biskuti, ya kufunika tende. Juu ya hayo ikaja chokoleti ya Dubai, ile yenye pistachio na tambi za kunafa, iliyobuniwa na kampuni ya Fix Dessert Chocolatier iliyoanzishwa mwaka 2021 na kutapakaa duniani baada ya video moja ya TikTok ya Desemba 2023. Anayetaka kuiga kipande kile jikoni kwake, awe Wete au Mkoani, anaanza na hatua ambayo kwa maneno ni nyepesi: yeyusha chokoleti.

Hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa. Mapishi mengine yanasema bakuli likae juu ya mvuke wa maji yanayochemka. Mengine yanasema mvuke ni adui, tumia maikrowevu, sekunde thelathini thelathini. Yapo yanayoelekeza kuongeza kijiko cha mafuta ya nazi, na yapo yanayokataza. Mpishi anafuata maelekezo neno kwa neno na bado anaambulia donge kavu, kisha anaambiwa ameunguza. Na hasara si ya kupuuza. Tani moja ya kakao ilivuka dola 12,000 katika soko la New York Desemba 2024, baada ya mavuno mabaya ya Ivory Coast na Ghana, na ingawa bei hiyo imeteremka tangu hapo, chokoleti haijawa kitu cha kuchezea.

Sehemu kubwa ya ushauri huo ni sahihi huko ulikoandikwa. Uliandikiwa majiko yenye baridi na hewa kavu. Pemba haina baridi wala ukavu, na hilo linabadilisha hesabu ya kila njia.

## Kilichomo ndani ya kipande

Chokoleti nyeusi ni unga wa kakao na sukari, vilivyosagwa laini mno na kutawanywa ndani ya mafuta ya kakao. Ya maziwa ina unga wa maziwa pia. Nyeupe haina unga wa kakao kabisa; ni mafuta ya kakao, sukari na maziwa. Katika zote tatu maji karibu hayamo, na hapo ndipo tabia zake nyingi zinapoanzia.

Mchuzi una maji, na maji yakishachemka hayapandi zaidi ya nyuzi 100. Ndiyo maana mpishi anaweza kuuacha mchuzi jikoni akaenda kuswali, akarudi akaukuta salama. Chokoleti haina kizuizi hicho. Joto likiingia linaendelea kupanda, na kwa kuwa halisambai haraka ndani ya chokoleti, chini kunaungua huku juu kungali kugumu. Nyeusi huanza kuharibika ikipita nyuzi 55 hivi. Ya maziwa na nyeupe huanza mapema zaidi, kati ya 45 na 50, kwa sababu protini na sukari ya maziwa hazivumilii joto.

Kuyeyuka kwenyewe kunahitaji kidogo sana. Mafuta ya kakao yaliyoganda vizuri huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, chini kidogo ya joto la mwili wa mtu. Kwa hiyo kati ya kuyeyuka na kuharibika kuna nafasi ya nyuzi kumi na kitu kwa chokoleti ya maziwa, ishirini na kitu kwa nyeusi. Makaa yaliyokolea yana mamia ya nyuzi.

Hesabu ya haraka inaonyesha ukubwa wa jambo. Gramu 200 za chokoleti zilizo kwenye joto la chumba la nyuzi 30, zikitakiwa kufika 45, zinahitaji joto linalokaribiana na lile linalotolewa na lita moja ya maji ikipoa kwa nyuzi nne tu. Yaani joto lililomo katika sufuria ya maji ya chai lingetosha kuyeyusha chokoleti ile mara kadhaa. Mpishi anayepuliza makaa ili yakolee kwa kazi hii anatafuta kitu ambacho tayari anacho, na anacho kwa wingi mno.

Jambo jingine la kuangalia kabla ya kuwasha chochote ni karatasi ya kipande. Si kila kinachoitwa chokoleti kina mafuta ya kakao peke yake. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2000 inaruhusu mafuta mengine ya mimea hadi asilimia 5. Zile za kupambia keki, zinazouzwa kwa vitufe au matofali, mara nyingi zimetengenezwa kwa mafuta ya kokwa za michikichi badala ya yale ya kakao. Ladha yake ni hafifu, lakini zinasamehe makosa mengi na zinaganda bila masharti. Vile vipande vidogo vya kutia ndani ya biskuti vimetengenezwa vibaki na umbo lake ndani ya oveni, kwa hiyo vikiyeyushwa huwa vizito. Mtu asijilaumu kwa uzito huo.

## Makosa matatu, lawama moja

Chokoleti ikiharibika, watu husema imeungua. Mara nyingi haikuungua.

Iliyoungua kweli inajulikana kwa pua kabla ya macho. Harufu inageuka kuwa ya moshi na uchungu, chini ya bakuli kunafanya ukoko, na chengachenga zake ni ngumu hata zikipondwa kwa mwiko. Hii haina dawa. Ikiwa ni chini tu palipoungua, mimina ya juu katika bakuli jingine bila kukwangua, ionje, na ikiwa haina uchungu itumike.

Kosa la pili ni kufanya madonge. Chokoleti ilikuwa inayeyuka vizuri, inang'aa, kisha ghafla inafifia, inakuwa nzito kama udongo wa kufinyangia na kujikusanya kwenye mwiko. Harufu yake ni nzuri bado. Hapa moto hauna hatia, maji yameingia. Tone moja au mawili yanatosha. Maji kidogo huyeyusha sukari ya juu ya kila chembe, sukari inakuwa shira ya kunata, na chembe zinashikamana badala ya kuelea katika mafuta.

Dawa yake inashangaza wengi: ongeza maji zaidi. Maji au maziwa ya moto, kijiko kimoja kimoja, huku unakoroga, mpaka donge lilegee liwe rojo. Kiasi cha mililita 15, yaani kijiko kikubwa kimoja, kwa kila gramu 60 za chokoleti ndicho kinachotosha kuvuka hatari. Pungufu ya hapo donge linabaki. Chokoleti hiyo haitaganda tena ikawa kipande cha kukatika kwa meno, lakini kwa kumwagia keki au kunywa na maziwa haina kasoro. Bakuli ngapi zimemwagwa jalalani kwa kutojua hili!

La tatu ni kukatika: mafuta yanajitenga na kuelea juu, chini kunabaki kitu kikavu. Hutokea joto likizidi, au mchanganyiko wa chokoleti na maziwa ukipata mafuta mengi kuliko maji. Kwa mchanganyiko wa maziwa, kijiko cha maziwa ya vuguvugu na mkono wa kukoroga kwa haraka hurudisha mambo. Kwa chokoleti tupu iliyopata moto, hali hiyo ni hatua moja kabla ya kuungua.

## Friji na hewa ya kisiwani

Kama maji ndiyo mkosaji mkubwa, swali ni yanaingia vipi kwa mpishi aliyekausha bakuli na mwiko. Jibu la kwanza ni mvuke, nao tutaufikia. Jibu la pili halimo katika mapishi ya Ulaya kwa sababu huko halitokei sana, na kwa maoni yangu ndilo linaloharibu chokoleti nyingi zaidi Pemba.

Kisiwani chokoleti haiwezi kukaa kabatini. Miezi ya kaskazi, kuanzia Desemba, joto la mchana linapita nyuzi 30, na kipande kilichoachwa mezani kinapinda. Basi kinawekwa kwenye friji. Siku ya kupika kinatolewa, kinafunguliwa papo hapo, kinakatwakatwa na kutiwa bakulini. Hewa ya Pemba imejaa unyevu karibu mwaka mzima, masika ndiyo kabisa, na kitu chochote kilichotoka kwenye baridi ya nyuzi tano au nane kinatoa jasho ndani ya dakika chache. Tazama chupa ya soda juu ya meza: maji yanayoiloanisha yametoka hewani. Jasho hilohilo linakaa juu ya chokoleti iliyokatwa, na ukiikatakata unazidisha nafasi ya kuloa. Mpishi haoni chochote kwa kuwa matone ni membamba. Anaweka motoni kitu ambacho tayari kimeingiwa na maji, kisha anaulaumu moto.

Kinga ni ya bure. Kipande kitolewe mapema kikiwa kimefungwa vizuri, kiachwe hivyohivyo mpaka kilingane na joto la chumba, ndipo kifunguliwe. Jasho litaota juu ya karatasi, si juu ya chokoleti.

Hali ya hewa ina faida yake pia, na hii haisemwi. Katika jiko la nyuzi 18 chokoleti ni gumegume la baridi. Katika jiko la Chake Chake la nyuzi 30 sehemu ya mafuta yake imeshalegea kabla haijaguswa. Dakika zilizoandikwa katika mapishi ya nchi za baridi zinahesabu safari yote. Hapa safari ni fupi, na anayezifuata dakika hizo kwa uaminifu anapitiliza.

## Wanaotetea mvuke

Njia ya bakuli juu ya sufuria ya maji ndiyo kongwe, na wapishi wengi waliosomea wanaishikilia. Hoja zao ni nzito. Haichagui moto: mkaa, gesi, jiko la mchina, vyote sawa. Mpishi anaona kila kinachotokea na anakoroga muda wote. Inabeba kiasi kikubwa. Na chini ya bakuli hakuwezi kupita nyuzi 100, jambo ambalo sufuria iliyo juu ya moto haiwezi kuahidi.

Lakini 100 ni mara mbili ya inayotakiwa. Maji yakichemka kwa fujo, bakuli linafikia joto la mvuke, na kingo zake zinaunguza chokoleti ya maziwa huku katikati kukiendelea kuyeyuka. Kwenye gesi unapunguza kwa kuzungusha kitufe. Kwenye mkaa huna kitufe. Unabaki kuchomoa makaa au kuyafunika majivu, na yote hayo huchukua muda ambao chokoleti haina. Kisha kuna mvuke wenyewe. Bakuli likiwa dogo kuliko mdomo wa sufuria, mvuke unapanda pembeni na kudondoka ndani. Hata bakuli likiwa pana, likiepuliwa chini yake kumelowa, na wakati wa kumimina matone yanateleza hadi ukingoni na kuingia kwenye keki. Kitambaa kikavu cha kupangusia chini ya bakuli ni sehemu ya njia hii, ingawa mapishi mengi hayakitaji.

Wanaoshindwa kwa mvuke, basi, wanashindwa kwa sababu moto ulibaki chini. Rekebisho lipo: chemsha maji kiasi cha vidole viwili, epua sufuria kabisa, ndipo uweke bakuli. Ukifanya hivyo, hata hivyo, umeshahamia njia ya nne, tutakayoifikia, bila kujua.

## Wanaotetea maikrowevu

Upande huu una hoja moja isiyopingika: maikrowevu haina maji. Hatari kubwa ya kisiwani inaondoka kwa mkupuo, mradi chokoleti na bakuli viwe vikavu. Ni haraka, na haichafui vyombo viwili.

Udhaifu wake ni kwamba haipashi sawasawa. Inatengeneza vituo vya joto kali ndani ya rundo, na chokoleti ina hila mbaya hapo: inaweza kuwa imeyeyuka ndani na bado kusimama na pembe zake kama haijaguswa. Mpishi anachungulia, anaona vipande viko vilevile, anaongeza dakika. Katikati kunaungua akitazama. Anayejua hatazami umbo. Anatoa bakuli na kukoroga kila baada ya sekunde 20 au 30, kwa nusu ya nguvu ya mashine, na anaacha vipande vichache vikiwa bado vigumu ili viyeyushwe na joto la wenzao.

Hizo sekunde 30 nazo si kipimo kimoja. Mashine ya wati 700 na ya wati 1,000 hazilingani. Umeme ukishuka nguvu jioni, mashine ileile inafanya kazi pungufu, na aliyezoea muda wa jioni anaunguza akipika asubuhi. Pemba imeunganishwa na gridi ya bara kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga, ulioanza kazi mwaka 2010. Kabla ya hapo kisiwa kilitegemea majenereta ya dizeli. Hali imekuwa afadhali sana kuliko wakati huo. Umeme ukikatika katikati ya kuyeyusha, chokoleti haidhuriki. Ni keki iliyomo kwenye oveni ndiyo ya kuililia.

Kwa mwenye mashine na subira, njia hii ni nzuri. Kwa asiyekuwa nayo, hakuna sababu ya kuinunua kwa ajili ya chokoleti.

## Moto wa moja kwa moja, maziwa na tui

Kuweka chokoleti tupu ndani ya sufuria na sufuria juu ya makaa hakuna wa kukutetea. Tuliache.

Kinachostahili mjadala ni moto wa moja kwa moja wenye kitu cha majimaji: krimu, maziwa au tui hupashwa peke yake, kisha humwagiwa juu ya chokoleti iliyokatwakatwa, ikaachwa dakika mbili, ikakorogwa kutoka katikati kwenda nje. Hapa moto hauigusi chokoleti kabisa, na maji yamo mengi kiasi cha kutofanya madonge. Kwa uzito sawa wa majimaji na chokoleti unapata rojo la kumwagia keki; ukipunguza majimaji kuwa nusu, unapata la kujazia.

Mwenye nazi hana haja ya krimu ya kopo. Tui la kasimile, lile la kwanza, zito, lina mafuta ya kutosha kufanya kazi hiyohiyo, na ladha ya nazi na kakao zinapatana. Masharti yake ni yaleyale anayoyajua kila aliyewahi kupika mchuzi wa samaki wa nazi: likorogwe, lisiachwe lichemke kwa nguvu, maana likikatika kabla ya kukutana na chokoleti, rojo nalo litakatika. Lipashwe mpaka pembeni kuanze kutoa mvuke, liepuliwe.

Bei ya njia hii ni mbili. Kwanza, chokoleti haigandi tena kuwa kipande, kwa hiyo kwa ile ya Dubai haifai kwa ganda la nje. Pili, majimaji yanaleta uharibifu: rojo la tui katika joto la Pemba halilali nje usiku kucha. Liliwe siku hiyohiyo au liwekwe kwenye friji. Kwa keki inayosafirishwa kutoka Chake Chake hadi Konde mchana wa jua, hili si jambo dogo.

Na mtu anayetaka ladha ya chokoleti juu ya keki tu, basi unga wa kakao, sukari, maziwa na kipande cha siagi vikichemshwa pamoja vinampa karibu kila anachokitafuta, kwa gharama ndogo na bila hatari ya madonge. Hiyo si kuyeyusha chokoleti, lakini nusu ya wanaouliza namna ya kuyeyusha hawakuhitaji kuyeyusha.

## Maji yaliyoepuliwa

Njia ya nne ndiyo inayotajwa kidogo kuliko zote, pengine kwa sababu haionekani kama upishi. Kila nyumba ina chupa ya chai. Maji yaliyomo ndani yake kwa saa kadhaa hayachemki tena lakini bado yanachoma. Mimina kiasi ndani ya sufuria au beseni dogo, pasiwe na moto chini. Weka juu yake bakuli pana la bati lililokauka, lenye chokoleti iliyokatwa vipande vya ukubwa wa punje za mahindi, na usilifunike, kwani mfuniko hukusanya matone. Acha dakika mbili bila kugusa. Kingo zinaanza kung'aa. Koroga polepole kwa mwiko mkavu, na vipande vinapobaki vichache inua bakuli, pangusa chini yake, endelea kukoroga mezani. Vilivyobaki vitamalizika vyenyewe.

Nguvu ya njia hii inatokana na ile hesabu ya mwanzo. Joto linalohitajika ni dogo, maji yanalo la kutosha, na kila dakika inayopita yanapoa badala ya kupamba moto. Kosa la mpishi linapungua lenyewe. Mvuke ni haba. Mkaa hautumiki kwa kazi hii, na hilo si dogo katika kisiwa ambacho kuni na mkaa vimekwangua misitu na mikoko.

Udhaifu upo. Kwa kilo moja na zaidi maji yanapoa kabla kazi haijaisha, na kuyabadilisha mara mbili tatu kunaongeza nafasi ya kumwagikia ndani. Kwa chokoleti nyeupe, maji ya moto mno yakigusa bati yanaweza kuunguza kingo; hapo ni heri kungoja yapoe kidogo. Na inadai kisu na mkono wa kukatakata, kazi ambayo wengi wanairuka kisha wanalipa baadaye.

Swali la kipimo cha joto huja hapa, hasa mwezi wa mfungo ambapo kuonja hakuwezekani. Tone dogo chini ya kiganja, penye mshipa, linatosha. Likihisiwa si moto si baridi, limekaribia joto la mwili, nalo ni salama kabisa. Likiwa na joto la kupendeza, liko arobaini na kitu, salama bado. Likikufanya uvute mkono, limeshapita.

## Mafuta ya kuongeza, na suala la kuganda

Ushauri wa kuongeza mafuta ya nazi ili chokoleti iwe nyepesi unazunguka sana, na Pemba, kisiwa cha minazi, unapokelewa kwa mikono miwili. Una kasoro moja kubwa. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi. Katika jiko la nchi ya baridi ni kitu kigumu cheupe. Hapa ni maji karibu siku zote. Yakichanganywa na mafuta ya kakao yanayalegeza, na chokoleti iliyokuwa igande mezani haigandi tena, au inaganda kwenye friji na kuyeyuka vidoleni mwa mgeni kabla hajaifikisha mdomoni. Kwa rojo la kumwagia, ongeza utakavyo. Kwa kitu kinachotakiwa kisimame, usiongeze.

Kuganda ndiko kunakowasumbua zaidi waigaji wa chokoleti ya Dubai. Wanasayansi Wille na Lutton walionyesha mwaka 1966 kwamba mafuta ya kakao yanaweza kuganda kwa sura sita, kila moja na joto lake la kuyeyuka. Nne za mwanzo huyeyuka kabla ya nyuzi 28. Ya tano, ndiyo ile ya kung'aa na kukatika kwa mlio, husimama hadi 34 hivi. Kwa msomaji wa Pemba maana yake ni hii: chokoleti iliyopata joto kubwa ikapoteza sura zote, kisha ikatupwa kwenye friji, mara nyingi inaganda kwa sura dhaifu, ambazo mezani saa nane mchana haziwezi kusimama hata kwa nadharia.

Hapa kuyeyusha taratibu kunalipa mara ya pili. Chokoleti ya dukani imeshagandishwa kwa sura ya tano. Ikipashwa kidogo kidogo na kuepuliwa vipande vichache vikiwa bado vigumu, mbegu za sura hiyo hubaki na kuiongoza iliyoyeyuka igande vilevile. Ikiwa joto limezidi, ongeza vipande vibichi, kama robo ya uzito, ukoroge mpaka ipoe. Kupoa nako Pemba kuna kazi, maana hewa ya nyuzi 30 haipozi kitu upesi. Beseni la maji ya mtungi chini ya bakuli linasaidia, kwa hadhari ileile ya kupangusa. Kisha friji, dakika kumi na tano au ishirini, si kutwa.

Hata ikifanywa vizuri, isitarajiwe kushinda juani. Kampuni ya Hershey iliwahi kutengenezea jeshi la Marekani, mwaka 1943, kipande cha kuvumilia nyuzi 49 kwa saa nzima, kwa ajili ya vita vya nchi za joto. Kilivumilia. Askari wengi hawakukipenda.

## Ipi ichukuliwe

Njia zote nne zinafanya kazi mikononi mwa anayezijua sababu zake, ila hazilingani kwa Pemba. Mvuke juu ya moto unaoendelea kuwaka ndio ninaouweka mwisho: unaleta joto lisilohitajika na maji yasiyotakiwa, vyote viwili kwa pamoja, na kwenye mkaa haurekebishiki haraka. Ubora wake mmoja, wa kubeba kiasi kikubwa, unabaki kwa wauzaji wa keki wenye gesi na uzoefu. Muuzaji huyo akiwa na maikrowevu, aitumie kwa nusu nguvu na asiache kukoroga.

Kwa keki ya nyumbani, maziwa au tui lililopashwa na kumwagwa juu ya chokoleti halina mpinzani, kwa sharti kwamba italiwa mapema. Kwa kila kinachotakiwa kigande, tende, biskuti, ganda la chokoleti ya Dubai, maji yaliyoepuliwa yanashinda, bila mafuta ya nazi. Nayo chokoleti itolewe kwenye friji saa moja au mbili kabla, na karatasi isifunguliwe mpaka ishike joto la chumba.